Anapata tiki zote za makumi na mamoja, ila 52 toa 27 inamshinda: kisa kimoja na nilichokiona ndani yake

Mtoto mwenyewe ni binti wa miaka nane, darasa la tatu, mchangamfu, mwandiko safi, kuhesabu mpaka mia na kuendelea hana shida kabisa. Mama yake alimleta akiwa na madaftari mawili na swali moja ambalo kiukweli wazazi wengi wanalo: inakuwaje mtoto huyuhuyu kwenye mazoezi ya makumi na mamoja anapata yote, halafu akipewa kutoa kwa kukopa ukurasa mzima unakuwa mikasi mitupu? Shuleni walishasema ni haraka, hasomi swali, aambiwe atulie. Mama hakuridhika, akasema "mwalimu, huyu akikaa kwenye hesabu anakaa kweli, hana papara". Na mimi nilivyofungua tu lile daftari nikaona mama yuko sahihi.

Angalia majibu yake. 52 − 27 akapata 35. 64 − 38 akapata 34. 81 − 46 akapata 45. 70 − 23 akapata 53. Sasa mtoto mwenye papara anakosea ovyoovyo, leo hivi kesho vile, lakini huyu anakosea kwa utaratibu mmoja mwanzo mwisho, kila safu anachukua tarakimu kubwa anatoa ndogo, haijalishi ipi iko juu ipi iko chini. 7 na 2, tofauti ni 5, anaandika 5. Yaani ana kanuni yake kabisa na anaifuata kwa uaminifu. Kosa hili linajulikana dunia nzima, watafiti John Seely Brown na Richard Burton waliliandikia mwaka 1978 kwenye kazi yao ya kuchambua makosa ya watoto kwenye kutoa, na hoja yao kubwa ilikuwa hiyohiyo, kwamba makosa mengi ya hesabu yana mpangilio na ukiutafuta unaupata. Kwa hiyo kumwambia mtoto kama huyu "tulia" hakumsaidii, ameshatulia, anachokosa ni kingine.

Kwenye daftari la pili kulikuwa na imla ya namba. "Mia tatu na saba" ameandika 3007. "Mia moja ishirini na nne" ameandika 10024. Hapo napo ana mantiki yake, anasikia mia tatu anaiandika yote, 300, halafu anasikia saba anaibandika pembeni. Anaandika namba kama anavyoisikia.

Na humohumo kuna zoezi limejaa tiki: katika 47 makumi ni mangapi, mamoja ni mangapi. Jaza jedwali. Yote kapata. Hapo ndo watu wazima wote wanaomzunguka walipopoteza njia, manake zoezi lile ukilitazama kwa makini linajibika bila kuelewa chochote. Tarakimu ya kushoto iandike kwenye "makumi", ya kulia iandike kwenye "mamoja", basi umemaliza. Ni zoezi la kushoto na kulia tu. Mimi nadhani zoezi la aina hii limeficha watoto wengi kuliko linavyowasaidia, na linasikitisha zaidi kwa sababu mwalimu anaangalia zile tiki na roho yake inatulia, anasonga mbele.

Nikaweka madaftari pembeni, nikachukua kopo la vijiti. Nikamwambia hesabu kumi na sita uviweke hapa. Akahesabu vizuri, kimoja kimoja. Nikamwambia andika hiyo namba, akaandika 16. Nikaizungushia 6 duara kwa penseli nikamuuliza, hii sehemu ya namba, nionyeshe kwenye vijiti ni vipi. Akasogeza vijiti sita. Nikaizungushia ile 1, na hii je? Akasogeza kijiti kimoja. Kimoja. Mezani pakabaki vijiti tisa ambavyo havina mwenyewe, nikamuuliza "na hivi vingine?" Akaviangalia kidogo, akasema "hivyo vimebaki tu." Hana wasiwasi wowote, kwake hakuna kitu kilichoharibika.

Swali hili si la kwangu, lilitumiwa na Constance Kamii, mtafiti aliyefanya kazi na mwanasaikolojia Jean Piaget kule Geneva, yeye aliwauliza watoto wengi na kukuta kwamba wengi wa umri huu wanaonyesha kitu kimoja kwa ile 1, hata wale wanaofaulu darasani. Kwa hiyo kama una mtoto wa darasa la kwanza mpaka la tatu nyumbani, muulize kabla hujafanya kingine chochote, inachukua dakika mbili na itakuambia mengi kuliko ripoti ya muhula.

Lakini hapo bado nilikuwa na fumbo, manake binti alishaniambia darasani kwao wana vijiti, tena wana mabunda ya kumi kumi, mwalimu wao anayatumia sana. Mtu angesema basi vitendo havisaidii, huyu kafundishwa kwa vitendo na bado haelewi. Nikataka kujua anayaelewaje hayo mabunda. Nikamwekea mabunda matatu yaliyofungwa na vijiti vinne vya mojamoja, hivi ni vingapi? Thelathini na nne, papo hapo, bila kusita. Nikamwambia sawa, sasa nipe vijiti saba kutoka hapo.

Akachukua vile vinne vilivyo huru, akanipa. Akaangalia meza. Akaangalia mabunda. Halafu akanyoosha mkono kwenye kopo kutafuta vijiti vingine vitatu.

Nikamzuia, nikamwambia hapana, kutoka kwenye hizi thelathini na nne. Akaniambia "zimeisha mwalimu." Nikamuonyesha bunda, na hili? Jibu lake ndo lilinifungulia kisa chote: "hilo haliguswi, hilo ni la kumi."

Haliguswi! Nikamuuliza kwa nini, akaeleza kwamba darasani mabunda yanakaa kwenye boksi, mwalimu anayatoa, anawaonyesha, wanasema ni kumi, yanarudishwa. Asiyefungua bunda hapati shida, anayefungua anaambiwa umeharibu, manake yakifunguka kipindi kinachofuata mwalimu ataanza upya kufunga. Na mimi simlaumu yule mwalimu hata kidogo, ukiwa na darasa lililojaa na umekaa jioni nzima unafunga mabunda na raba bendi lazima uyalinde. Lakini ona mtoto amejifunza nini. Amejifunza kwamba "kumi" ni kitu, kina umbo lake, kinakaa upande wa kushoto, na hakina uhusiano na vijiti vilivyomo ndani. Mabunda matatu na vijiti vinne anayasoma "tatu, nne", anajua ukisoma hivyo unatamka thelathini na nne. Ni zoezi lilelile la kushoto na kulia, safari hii limevaa vijiti.

Ndo maana 52 toa 27 inamshinda. Ile hesabu inadai ufungue bunda. Hakuna njia nyingine, una mabunda matano na vijiti viwili, unatakiwa kutoa saba kwenye viwili, lazima kumi moja ivunjwe iwe vijiti kumi. Mtoto ambaye kwake bunda haliguswi hana pa kwenda, sasa afanye nini, anageuza anatoa mbili kwenye saba, angalau hiyo inatoka. Na ile nyimbo tunayowaimbia "haitoki, nenda kwa jirani ukakope moja" inazidi kumchanganya, manake anaambiwa akope moja na anaona kweli kuna moja inapungua pale kwenye 5, halafu ghafla 2 inakuwa 12. Ile moja imekuwaje kumi njiani? Mtu mzima anajua. Mtoto anaona mazingaombwe, anakariri, akisahau hatua moja tu hana chochote cha kumrudisha.

Sasa nije kwenye tulichofanya, na hapa nitakaa kidogo.

Kitu cha kwanza niliondoa mabunda yote yaliyofungwa tayari. Nikamwaga rundo kubwa la vijiti mezani, zaidi ya mia, nikamwambia nataka kujua viko vingapi. Akaanza kimoja kimoja, akafika hamsini na kitu nikamuita jina lake, akageuka, akapoteza hesabu. Akaanza tena, akapotea tena mwenyewe bila mimi kumsumbua. Safari hiyo akakasirika kidogo, akaanza kutenga vifungu vyake pembeni, vya tano tano, nikamwacha. Baadaye kidogo vifungu vya tano vikawa vingi navyo vinachosha kuhesabu, akaviunganisha viwili viwili. Hapo ndo nikamletea raba bendi. Kumi ikaja kwa sababu aliihitaji, na kila bunda alilifunga kwa mkono wake akihesabu, kwa hiyo anajua ndani kuna nini, hakuna aliyemwambia. Mabunda yalipofika kumi akaniuliza mwenyewe kama na haya yanaweza kufungwa pamoja. Nikampa raba bendi kubwa. Ile mia yake ilikuwa nene mpaka haishikiki kwa mkono mmoja, akaikumbatia akacheka.

Watu wanaharakisha sana hapa. Wanaona kufunga ni kazi ya maandalizi, mwalimu aifanye mapema ili "somo" lianze. Mimi naona kufunga ndo somo lenyewe. Ukimnyima mtoto kufunga umemnyima nusu ya jambo, na ukimnyima kufungua umemnyima nusu iliyobaki.

Halafu tukaingia kwenye gemu. Dadu mbili, kopo la vijiti, raba bendi, na karatasi kubwa niliyoigawa kwa mstari, kushoto mabunda, kulia vijiti vya mojamoja. Unarusha, unachukua vijiti kadiri ya dadu, sheria ni moja tu: upande wa kulia hauruhusiwi kubaki na vijiti kumi au zaidi, vikifika kumi unafunga unapeleka kushoto. Wa kwanza kufika mia kashinda. Gemu hili linajulikana, walimu wengi wanalo. Ninalolisisitiza mimi ni la kurudi nyuma, ambalo wengi hawalichezi: unaanza na mia nzima, unarusha, unaondoa, wa kwanza kufika sifuri kashinda.

Mara ya kwanza kurudi nyuma ilikuwa kimya kizito. Karusha nane, mbele yake kuna mia moja kubwa iliyofungwa, hamna kijiti hata kimoja huru. Kaniangalia. Nikaangalia vijiti, sikusema kitu. Kaishika ile mia, kaigeuzageuza, kaniuliza kwa sauti ya chini "naruhusiwa kufungua?" Nikamwambia ni vijiti vyako, umevifunga wewe. Akavua raba kubwa, mabunda kumi yakamwagika, akachukua moja akavua raba ndogo, vijiti kumi, akaondoa nane. Akahesabu alichobaki nacho: mabunda tisa, vijiti viwili. Tisini na mbili. Kuanzia hapo alikuwa anafungua bila kuniomba, na alianza kucheka akiona mimi nimerusha namba ambayo itanilazimisha kufungua.

Siku tuliyorudi kwenye 52 − 27 hatukuandika kwanza, tuliweka vijiti. Mabunda matano, vijiti viwili. Toa ishirini na saba. Akafungua bunda moja bila kuambiwa, sasa ana mabunda manne na vijiti kumi na viwili. Kabla hajatoa nikamuuliza swali ambalo kwangu ndo kiini cha mada yote hii: sasa hivi hapa mezani kuna vijiti vingapi? Akasita. Akasema "arobaini na… hapana." Akavihesabu vyote, mabunda kwa kumi kumi halafu vya mojamoja, arobaini, arobaini na moja, mpaka hamsini na mbili. "Bado ni hamsini na mbili!" Alishangaa kweli. Na mshangao ule ulinionyesha kwamba muda wote alikuwa anaamini ukifungua bunda namba inabadilika. Kama unaamini hivyo, kukopa hakuwezi kukuingia akilini hata ukifundishwa na nani, manake unaona umeharibu namba halafu unaambiwa uendelee kuhesabu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo nikaacha kutoa kwanza, tukakaa hapohapo. Nionyeshe 52 kwa njia nyingine. Mabunda matano na vijiti viwili, manne na kumi na mbili, matatu na ishirini na mbili, mawili na thelathini na mbili, mpaka vijiti hamsini na mbili vilivyotapakaa meza nzima. Zote ni 52. Tukafanya na 34, na 71, na 60. Hii kazi haina jibu la kuwekea tiki na pengine ndo maana haipatikani sana kwenye vitabu, lakini mtoto akiwa na hili mkononi kukopa kunakuwa si sheria tena, ni kuchagua tu umbo la namba linalokufaa kwa kazi uliyonayo.

Kuandika kulikuja sambamba, na ni sambamba kwelikweli, yaani kila mkono wake ulipofanya jambo kalamu iliandika jambo hilohilo. Umefungua bunda moja, kata 5 andika 4 juu yake. Una vijiti kumi na viwili, andika 12. Kosa kubwa ninaloliona sehemu nyingi ni vijiti kuchezewa kipindi kizima halafu vinafungiwa kabatini, ndo linakuja zoezi la ubaoni, mtoto anaona ni masomo mawili tofauti kabisa. Mwanasaikolojia Jerome Bruner aliandika kwenye miaka ya 1960 kuhusu kutenda, kisha picha, kisha alama, na wengi tumeipokea kama ngazi, umalize moja upande nyingine. Kwa mtoto huyu nilichoona ni kwamba vinatakiwa vigusane, vikiachana hata siku chache anavisahau vilikuwa ndugu.

Ile 3007 tuliitibu kwa kadi. Unakata kadi za mamia ndefu, zina tarakimu tatu, 100, 200, 300. Za makumi fupi kidogo, 10, 20, 30. Za mamoja ndogo, tarakimu moja. Unachukua 300, unaiwekea 7 juu yake upande wa kulia kabisa, 7 inafunika sifuri ya mwisho, unasoma 307. Ukiinua ile 7, sifuri ziko pale chini, mia tatu haijaenda popote. Maria Montessori, yule mwalimu mwanzilishi wa shule za Montessori, alikuwa na kadi za namna hii pamoja na shanga zake za dhahabu, moja, kumi kwenye waya, mia kwenye mraba, elfu kwenye mchemraba, na mpaka leo sijaona njia nzuri zaidi ya kumuonyesha mtoto kwamba 307 imebeba 300 ndani yake. Binti alikaa anainua na kushusha ile 7 muda mrefu tu. Halafu akauliza, sasa hapa katikati hii sifuri ni ya nini? Nikamwambia angalia karatasi yako, mabunda mangapi ya kumi yako peke yake? Hamna. Basi tunaandika kwamba hamna, tukiacha wazi mtu atasoma 37. Swali lake ni zito kuliko linavyoonekana, Wababeli waliandika namba kwa nafasi, yaani thamani ya alama inategemea imekaa wapi, ila wao walipanga kwa sitini sitini badala ya kumi kumi, na kwa karne nyingi hawakuwa na alama ya nafasi tupu, mpaka uangalie maelezo ndo ujue namba ni ipi. Kanuni za kuihesabu sifuri kama namba ziliandikwa India na mwanahisabati Brahmagupta mwaka 628. Jambo lililowachukua watu wazima wenye akili zao muda wote huo halafu tunategemea mtoto wa miaka nane alipate kwa kuambiwa mara moja ubaoni.

Kuna suala la majina ya namba pia, sisi tunaohesabu kwa Kiswahili tuna bahati upande mmoja, kumi na moja, kumi na mbili, kila kitu kiko wazi, mtoto anasikia kumi na anasikia kilichozidi. Shida inaanza ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, themanini, majina yaliyotoka kwenye Kiarabu, ambamo hasikii mbili wala tatu wala nne. Kwa hiyo kwa muda tulikuwa tunasema kote kuwili, "arobaini na tatu, makumi manne na tatu". Ni jambo dogo lisilohitaji kifaa chochote na mwalimu yeyote anaweza kuanza nalo kesho asubuhi.

Kuna vitu nilivisogeza mbali kwa makusudi. Abakasi, na visahani vya rangi ambapo chekundu ni moja na cha bluu ni kumi. Ni vifaa vizuri lakini vina wakati wake, manake kwenye visahani cha bluu hakina ukubwa wa vyekundu kumi, ni makubaliano tu, mtoto ambaye bado anaona kumi ni kitu kimoja umempa kitu kimoja cha kushika mkononi, umemthibitishia kosa lake. Vijiti vinafunguka. Vile vibao vya mwanahisabati Zoltan Dienes, kimchemraba kidogo, fimbo ya kumi, bapa la mia, vina ukubwa sahihi ila fimbo haivunjiki, unaibadilisha na vidogo kumi kutoka kwenye boksi, kwa hiyo navyo nilivileta baada ya vijiti. Kwa maoni yangu mpangilio ni huo: kinachofunguka kwanza, kisha kinachobadilishwa chenye ukubwa wa kweli, kisha cha rangi na abakasi. Programu za kwenye simu sizikatai, zikae mwisho kabisa wa foleni.

Walimu wenzangu wakisikia haya wanauliza darasa la watoto wengi utafanyaje. Swali halali. Kopo moja kwa watoto wawili linatosha, na gemu la dadu linakwenda lenyewe, wewe unapita unasikiliza. Vijiti na raba bendi za kutosha kwa kila wawili, watoto wanafunga wenyewe na kipindi kikiisha wanafungua wenyewe, kwa hiyo ile kazi ya jioni ya mwalimu inakwisha kabisa. Kelele zitakuwepo. Wengine wanaogopa mtoto atazoea vijiti ashindwe bila vijiti, na hofu hii ina ukweli, dawa yake ni kuvipunguza polepole. Binti alihama akaanza kuchora, mstari mrefu kwa bunda, nukta kwa kijiti, na akitaka kufungua anakata mstari anachora nukta kumi. Kisha nukta akaona zinamchosha, akawa anaandika tu 12 juu ya 2. Sikumwambia aache, alichoka mwenyewe.

Kutoa kwa tarakimu mbili sasa anakwenda vizuri na, la maana zaidi kwangu, akikosea anashtuka. Siku moja aliandika jibu kubwa kuliko namba aliyoanzia, akalikata kabla sijafungua mdomo. Lakini nisipambe kisa, tulipofika 403 − 158 ile kanuni ya zamani ilirudi palepale, 8 toa 3 ni 5, 5 toa 0 ni 5, 4 toa 1 ni 3, akaandika 355. Manake hapa makumi hayapo kabisa, anataka kufungua bunda na bunda hamna. Tukarudi mezani. Mia nne, vijiti vitatu. Akavua raba kubwa, mabunda kumi. Akavua raba ndogo moja, akabaki na mabunda tisa na vijiti kumi na tatu. Mamia matatu, makumi tisa, mamoja kumi na tatu, akavihesabu vyote kuhakikisha bado ni 403, akatoa, 245. Ile 9 inayotokea katikati kwenye hesabu za sifuri, ambayo watoto wengi wanaambiwa tu waiandike, yeye ameiona kwa macho yake ikibaki mezani.

Tulipo sasa ni hapa. Nilimuuliza, katika 347 kuna makumi mangapi? Akasema manne, jibu la daftari, jibu linalopata tiki. Nikamwambia ukitaka kumpa kila mtoto bunda moja la kumi, watoto wangapi watapata? Akafikiri. Akaangalia zile mia tatu zilizofungwa kwa raba kubwa, akaanza kuzivua moja moja, kumi, ishirini, thelathini, akaongeza yale manne, "thelathini na nne, na saba vinabaki". Halafu akaniuliza kwenye mtihani aandike nne au thelathini na nne. Nikamwambia asome swali linataka yaliyo kwenye nafasi ya makumi au makumi yote yaliyomo, ni maswali mawili. Wiki hii anatunga maswali ya aina zote mbili, na mimi ndo ninayejibu, yeye anasahihisha.